Filamu Mbovu ya Mtu wa Chupa

Vijana wangu wa Rumonge, nimesikia mnataka kuifunga sinema yenu ya Ijumaa. Habari kaniletea mjukuu wangu Amina, kanuna kama mtoto aliyelambishwa shubiri. Mlitundika shuka ukutani, mkaazima ile projekteri ndogo ya shule, mkaita watu, kisha mkawaonyesha filamu ya mtu aliyetengenezwa na wanasayansi, na watu wakaanza kuondoka kabla haijafika nusu.

"Babu, ilikuwa mbovu," Amina akaniambia. "Wanaongea tu, wanaongea tu. Tumepata aibu."

Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akanikasirikia. Sikumcheka yeye. Nilicheka kwa sababu filamu hiyo naijua. Yenu ni mpya, lakini dada yake mkubwa alipita hapahapa Rumonge zaidi ya miaka hamsini iliyopita, akiwa mbovu kuliko huyo wenu, na aliyekuwa nyuma ya mashine ni mimi. Basi kaeni niwasimulie. Mstaafu hana haraka, na nyinyi, kwa maneno yenu wenyewe, hamna tena sinema ya kukimbilia.

Jina langu Hamisi, ila wazee wenzangu waliobaki wananiita Hamisi Mashine. Niliendesha mashine ya filamu katika hangari ya Mama Zaituni, jirani na soko. Hangari hiyo ilijengwa kwa ajili ya mawese. Marehemu mume wake alikuwa akinunua mafuta ya Kizuka na Kigwena, akiyapanga humo kwa mapipa, na sakafu ilikuwa imekunywa mafuta miaka mingi mpaka ikashiba. Ukikaa benchi la mbele na jirani yako akicheka kwa nguvu, benchi zima linasogea. Tulimwaga majivu kila wiki, bila faida. Mama Zaituni alikuwa akiwaambia wateja kwamba kuteleza si kuanguka, nao wakamjibu kwamba hayo ni maneno ya mtu anayekaa mlangoni.

Nyinyi leo mna kitufe. Sisi tulikuwa na filamu ya kushika mkononi, utepe mrefu uliozungushwa kwenye bobini, na bobini moja ikiisha watu wanangoja gizani mpaka ufunge nyingine. Utepe ulikatika mara kwa mara, na ilikuwa lazima uunge. Una upande unaong'aa na upande wenye picha. Ukipaka gundi upande usiofaa, kiungo hakishiki, na gizani macho hayakusaidii. Basi unaweka ukingo wa filamu katikati ya midomo iliyoloa, na upande wenye picha unanata kidogo. Nimebusu filamu nyingi kuliko nilivyombusu marehemu bibi yenu, na yeye alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni.

Jambo jingine la kazi ni bati. Paa la hangari lilikuwa na matundu ya misumari, na mchana jua lilipita humo likaleta nukta nyeupe kwenye shuka. Tuliziba kwa lami ya kuzibia mitumbwi. Tuliziba nyingi, hatukuzimaliza. Mzee Shabani alisema tuziache zilizobaki, kwa sababu filamu nzuri haiogopi nyota.

Huyu Mzee Shabani ndiye aliyekuwa sinema yenyewe. Mimi nilikuwa mwendesha mashine tu. Filamu zote zilizungumza Kifaransa, na wengi wetu Kifaransa chetu kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo sauti ya mashine tuliizima, na mahali pake akasimama yeye kando ya shuka, na fimbo ndefu ya mwanzi mkononi, akieleza. Alikuwa fundi cherehani, amevuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa kijana, na Kifaransa chake alikipata kwa kuwapima wazungu suruali. Kinywa ni jumba la maneno, lakini kinywa chake kilikuwa na ghorofa.

Yeye hakufasiri. Kila mtu aliyetokea kwenye shuka alimpa jina, baba, mama na mtaa. Mzungu mwenye bastola anatokea, Mzee Shabani anamgusa kwa fimbo: "Huyu ni Karoli, mutoto wa bibi mudogo, alinyimwa shamba na ndugu zake. Ndiyo maana iko na hasira." Watu wote wanaguna kwa kuelewa, maana kila mmoja ana Karoli wake nyumbani.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anawapa watu wa filamu ukoo ambao hawana. Hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Mutu ukimujua mama yake," alisema, "hata akichelewa utamungojea."

Hangari yetu ilikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Watu wakipenda kipande, ngumi nzuri au farasi anayeruka, wanaita kwa pamoja, "Rudia!" Nami ni lazima nirudie. Mashine yetu ilikuwa na kijiti ubavuni: ukikisukuma mbele filamu inakwenda mbele, ukikivuta inarudi nyuma. Mzee Shabani alinifundisha kanuni yake siku ya kwanza, na alinifanya niitamke kama mtoto wa madrasa: taa kwanza, kijiti baadaye. Yaani uzime taa ya mashine, urudishe filamu gizani, kisha uwashe. Usipozima, watu wataona dunia ikirudi kinyumenyume, na heshima ya sinema imekwisha.

Sasa sikilizeni nilivyoivunja kanuni hiyo mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka wa uhuru. Filamu ya habari ya sherehe zenyewe ilitufikia wiki kadhaa baada ya sherehe, na hangari ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mapipa matupu. Benchi la mbele alikaa mkubwa mmoja wa komine, yaani ofisi ya serikali ya hapa, na suti yake mpya, amenyoosha mgongo. Bendera ya Burundi ikapanda mlingotini. Jamani, watu walilia, wengine wakapiga vigelegele, na hangari nzima ikaita, "Rudia! Rudia!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kichwa kilinivimba nikajiona kama mimi ndiye niliyeipandisha bendera, nikavuta kijiti na taa inawaka. Mbele ya mkubwa wa komine, bendera mpya ya nchi yetu ikateremka polepole. Askari wakashusha mikono ya saluti, wakaondoka kinyumenyume kama watu waliobadili mawazo.

Mkubwa akaanza kuinuka. Mimi hata taa sikukumbuka kuizima. Na hapo Mzee Shabani, bila kupoteza pumzi moja, akagusa shuka kwa fimbo yake na kusema, "Wameiteremusha waipige pasi. Ngojeni."

Watu wakaangua kicheko, mabenchi yakateleza, na mkubwa mwenyewe akaketi tena na kiganja mdomoni. Hakuniacha bure. Kwa wiki nzima nilitakiwa kufika komine kila asubuhi kupandisha bendera kwa mkono wangu, mpaka mkono, alivyosema, ujue upande wa juu ni upi. Lakini nililala kwangu, si korokoroni, kila siku ya wiki hiyo, na nilijua ni kwa sababu ya nani. Nilimwendea Mzee Shabani kumshukuru, akaniambia niseme kanuni yetu mara kumi.

Nimecheka vya kutosha, sasa niwaambie mara ya pili.

Mwaka wa sabini na mbili nyumbani kwenu mmeusikia, au mmesikia wazee wakinyamaza ukitajwa. Walioishi waliuita ikiza, kama mtu anavyotaja tauni. Watu waliuawa hapa kando ya ziwa, wa huku na wa kule, kisha yakaja malori, watu wakawa wanaitwa na hawarudi. Sitawahesabia. Nitawatajia mmoja tu. Mzee Shabani alikuwa na mwana mmoja, Yusufu, mwalimu wa shule kule Kizuka. Aliitwa atoke darasani mara moja. Aliacha koti lake kwenye mgongo wa kiti, kama mtu anayerudi sasa hivi, akapanda lori. Jioni Mzee Shabani aliletewa koti.

Alilitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na tangu siku hiyo hakusema. Nguo alishona. Alikupima, aliandika vipimo kwa chaki, alikuitikia salamu kwa kichwa. Nilikwenda kukaa naye kila siku nikiongea peke yangu kama mwendawazimu, kisha naondoka. Niliumia kuliko nilivyoumia alipokufa baba yangu, nawaambieni kweli. Baba yangu tulimzika.

Hangari ilifungwa miezi mingi. Hakuna aliyetaka kukaa gizani na watu wengine, na usiku kutembea kulikatazwa. Mvua za Novemba zilipoanza, Mama Zaituni akaniita. Alisema amepata mnunuzi wa mawese kutoka Bujumbura anayetaka hangari kwa mapipa yake. Alisema pia amepewa ruhusa ya kuonyesha filamu moja, Jumapili saa tisa mchana, ili watu wawe majumbani kabla ya jua kuzama.

"Nitaangalia siku hiyo," aliniambia. "Watu wakija, wakikaa kama zamani, sinema itabaki. Wasipokaa, narudisha mapipa. Mimi si mujane wa sinema, Hamisi. Ni mujane wa mawese."

Nilimwambia bila Mzee Shabani watu hawatakaa. Akanijibu kwamba hilo analijua, ndiyo maana ameniita mimi.

Nilikwenda kumwomba. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno. "Sina maneno, Hamisi," akasema. Yalikuwa maneno matatu ya kwanza niliyoyasikia kwake tangu lori lile. Nikamwambia basi aje akae tu, karibu na mashine, na mimi nitasema badala yake. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetaka kuogelea na gunia la chumvi mgongoni.

Filamu hukuchagua wewe. Ghala la Bujumbura lilikuletea iliyopo. Kwanza likaja bango lake, wiki moja kabla, na lilikuwa bango la kufa mtu: mwanamume mwenye macho ya moto anararua mlango wa chuma, na nyuma yake madaktari wameshika chupa kubwa. Nilipata anayejua Kifaransa akanisomea. Madaktari walikuwa wamechukua mbegu ya uzazi, wakaipanga upya ndani ya chupa, wakatengeneza mtu mwenye nguvu za watu kumi. Nikachukua ngoma nikazunguka mji wote, soko, pwani, hadi barabara ya Kigwena, nikiwaahidi watu mtu wa chupa atakayebomoa kila kitu. Hilo ndilo kosa langu la pili katika kazi, vijana, na naona ndilo lenu pia. Niliisifu filamu kwa bango lake kabla ya kuiona.

Bobini nne zilifika Jumamosi kwa lori, na Jumapili asubuhi nikazikagua dirishani, utepe ukipita kati ya vidole. Bobini ya nne ilikuwa imekatika. Nikaibusu, nikakwangua, nikapaka gundi, nikainua kipande kwenye mwanga kuona kama picha zimekaa sawa. Niliona askari. Niliona ukuta, na yule mtu amesimama mbele yake. Vidole vikasogea chini zaidi, nikamwona amelala.

Niliketi sakafuni. Kukata kipande hicho sikuweza, filamu si mali yangu na ghala lilipima kila bobini. Filamu nyingine haikuwepo. Na kumwambia Mama Zaituni ilikuwa ni kumwambia alete mapipa. Nilichofanya nitawaambia ingawa kinanitia haya. Niliomba filamu iwe mbovu, ili watu waondoke kabla ya bobini ya nne. Ndiyo dua yangu pekee iliyojibiwa papo hapo.

Watu walikuja, si haba. Tulikuwa tumefunika madirisha kwa mikeka, na giza lilikuwa la kutosha. Lakini walivyokaa! Kila mmoja aliacha nafasi ya mtu kati yake na jirani, kama wote wanawawekea kiti watu wanaokuja. Mzee Shabani aliketi nyuma, juu ya pipa lililopinduliwa, ubavuni mwa mashine yangu, na utepe wake wa kupimia shingoni.

Nikaanza. Bobini ya kwanza nzima ilikuwa madaktari. Wanasimama, wanaongea. Wanakaa, wanaongea. Mmoja anavua miwani, anaongea bila miwani. Nilijitahidi kusema, mkono kwenye mashine na shingo nimeitoa pembeni, lakini nilichosema kilikuwa, "Sasa daktari anaongea na daktari." Mtu wa chupa mwenyewe alitokea bobini ya pili, na alikuwa mtu tu, mwembamba, nywele zimechanwa, anaitwa kwa namba. Mlango wa chuma aliukuta mara moja tu. Alipoushika ulipepea, ukajulikana ni mbao iliyopakwa rangi. Benchi la nyuma wakaguna. Wawili wakatoka, kisha wanne. Mama Zaituni alikuwa mlangoni, hawatazami wanaotoka, ananitazama mimi.

Bobini ya tatu, mtu wa chupa ametoroka. Anatembea barabarani, anagonga milango, anauliza watu yeye ni nani, watu wanafunga. Mvuvi mmoja wa Kabonga, mtu mpole aliyekuja kuuza ndagala na kukwama kwetu kwa mvua, akageuka kwenye benchi la pili. Aliuliza swali ambalo zamani kila mtu aliliuliza humo hangarini.

"Hamisi, huyu ni mutoto wa nani?"

"Hana baba," nikasema. "Wala mama. Hana kwao."

Ndivyo filamu ilivyosema. Lakini mara nilipotamka nikaelewa nilichokifanya. Mwaka ule kila mtu pale ndani alikuwa amesimamishwa njiani na mtu mwenye silaha akaulizwa swali hilo hilo, mutoto wa nani, wa wapi, na akajibu huku roho iko mdomoni. Mvuvi aliinamisha kichwa. Watu wakaanza kuokota vitu vyao.

Pipa likalia kando yangu. Mzee Shabani alikuwa amesimama.

"Nani alikuambia hana mama?" akasema.

Sauti ilikuwa imekwaruza kama cherehani isiyotiwa mafuta. Akashuka katikati ya mabenchi polepole. Fimbo ya mwanzi ilikuwa imeegemea ukuta palepale alipoiacha, akaichukua, akafuta vumbi kwa kiganja, akamgusa mtu wa chupa begani.

"Huyu ni wa hapa. Alizaliwa nyuma ya soko, mvua inanyesha." Akageuka kwenye giza. "Mama Fatuma, si ni wewe ulimuzalisha?"

Mama Fatuma alikuwa mkunga wetu, aliyetupokea nusu ya mji.

"Ni mimi," akasema. "Alikuwa mukubwa, alimutesa mama yake. Nilimukata kitovu na mukono huu."

Basi, mlango ukawa umefunguliwa. Mvuvi wa Kabonga akasema baba yake ndiye aliyemfundisha mtu huyu kutupa wavu, na hajapata kuona mwanafunzi mzito kama yeye. Mwanamke mmoja akasema alimpa ndizi za mkopo na bado anamngoja. Watu wakacheka, benchi la mbele likateleza, na waliokuwa mlangoni wakarudi. Walipotafuta pa kukaa gizani hawakuacha tena nafasi, walisukumana. Na mtu yule mwembamba kwenye shuka, aliyekuwa anagonga milango, akageuka ndugu yetu anayepita mtaani kwetu, na sisi tukawa tunaogopa asifike kwenye mlango mbaya. Filamu ileile, vijana. Hakuna picha hata moja niliyobadilisha.

"Na jina lake?" mtu akauliza.

Fimbo ya Mzee Shabani ilibaki kwenye bega la yule mtu.

"Yusufu," akasema.

Bobini ya tatu ikaisha hapo, kwenye nyumba ya bibi mmoja mzee wa kizungu, aliyekuwa wa kwanza kumfungulia.

Nilimfuata Mzee Shabani mbele, nikamwambia sikioni tuishie hapa, bobini ya nne si nzuri.

"Anakufa?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Weka," akasema. "Nimechoka kutojua."

Nikaweka. Sijawahi kufunga bobini kwa mikono mizito vile. Yule bibi anampikia chai. Yusufu anaketi mezani, anainua kikombe, anakunywa. Lori linasimama nje. Anatoka. Mzee Shabani aliyaeleza hayo yote kwa sauti ya chini, neno kwa neno, mpaka lori. Kuanzia lori hakueleza tena. Ukuta ukaja. Sauti tulikuwa tumeizima, hakuna mlio, ni mashine tu inatatarika. Akaanguka.

Fimbo ya mwanzi ilikuwa imeshuka hadi sakafuni. Hakuna hata aliyelia. Kisha kutoka gizani, bila kupaza sauti, Mama Fatuma akasema, "Rudia."

Mkono wangu ulikwenda kwenye taa, kwa mazoea ya miaka. Taa kwanza. Ulifika pale na ukaiacha. Nikavuta kijiti na taa inawaka.

Yusufu akainuka. Aliinuka wima kwa mara moja, kama mtu aliyeitwa. Askari wakashusha bunduki, wakatembea kinyumenyume mpaka kwenye lori wakapanda, naye akapanda, na lori likarudi barabara yote, vumbi likiingia chini ya magurudumu. Likamshusha mlangoni. Akaingia ndani kwa mgongo, akaketi, akaweka kikombe mdomoni, na kikombe kikajaa chai tena. Hapo nikasimamisha. Filamu haiwezi kusimama mbele ya taa, itaungua, kwa hiyo nikazima. Kukabaki nukta za jua kwenye shuka, zile ambazo hatukuziziba, na sauti ya Mzee Shabani.

"Amefika," alisema. "Amekaa. Chai iko moto."

Ndipo watu walipolia. Walilia wote, wa kila upande, bega kwa bega kwenye mabenchi yale ya mafuta, na Mama Zaituni hakufungua mlango mpaka kila mmoja alipomaliza. Alipoufungua, jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na watu walisimama nje wakizungumza kama watu waliotoka kwenye harusi.

Mzee Shabani alinikuta nakunja mikeka. Uso ulikuwa umeloa wote. Akanipiga kofi la bega.

"Taa kwanza, kijiti baadaye," akasema. "Umesahau tena."

Yusufu hakurudi. Nalisema ili msidhani nawauzia bango. Lakini siku ya pili yake nilisikia ngoma sokoni, na si mimi niliyeipiga. Alikuwa baba yake Yusufu, anatangaza filamu ya mtoto wa nyuma ya soko, Jumapili ijayo, kwa ambao hawakuiona. Walikuja mpaka watu wa Kigwena. Mnunuzi wa mawese alitafutiwa hangari nyingine, na Mzee Shabani alisimama kando ya shuka ile miaka mingine mingi.

Mwezi ule ule aliniita dukani. Koti la Yusufu lilikuwa mezani, amelifumua mabega. Yusufu alikuwa mpana kuliko mimi. Akanipima kimya, akakaa kwenye cherehani, akalipunguza mbele yangu, akalipiga pasi.

"Vaa," akaniambia. "Kwenye mashine iko baridi."

Kwa hiyo Amina, na nyinyi wenzake, msiifunge sinema. Ijumaa ionyesheni tena filamu yenu mbovu, ileile. Waambieni watu waje. Projekteri endesheni nyinyi, mimi vitufe hivyo sivijui. Ila sauti yake izimeni, na huyo mtu wenu niachieni mimi, mama yake nimeshampata. Fimbo ninayo. Koti limechakaa kwenye viwiko, lakini bado linanitosha.